Duka la mapambo ya bahari njia ya Kunduchi: nunua kioo, muache "nguva mtoto"

Nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili nazitoa kwa moyo mmoja kwa sababu vioo vyao ni vizuri kweli na fundi wao anajua kazi, ila hizo tatu nazizuia kwa ajili ya kabati moja tu, lile la vioo mkono wa kulia ukiingia, lenye kibandiko kimeandikwa NGUVA MTOTO HALISI kwa maandishi mekundu. Nimeona watu wanamrusha kwenye status na kwenye magrupu ya wasap, wengine wanauliza bei, wengine wanauliza kama ni salama kumweka kwenye nyumba yenye watoto, kwa hiyo naandika kirefu, mwenye bando asome mpaka mwisho.

Jina la duka silitaji. Ni lile la mapambo ya bahari, ukipita tu unaona majahazi madogo ya mbao yamepangwa nje. Paking ipo ya magari manne matano, wa daladala utatembea kidogo kwenye mchanga, bodaboda wanapajua. Ndani kuna feni, wahudumu wakarimu, hawakufuati nyuma nyuma kila hatua. Fremu za picha wanatengeneza kwa mbao za majahazi yaliyochakaa, bado unaona matundu ya misumari na mabaki ya rangi ya bluu, na hawajajaribu kuyaficha, ndo uzuri wake. Mi nilichukua kioo kilichopambwa kwa simbi, yale makombe madogo ya baharini, elfu themanini baada ya kupatana, na kwa kweli kazi imetulia: simbi zimepangwa kwa saizi kuanzia kubwa chini mpaka ndogo juu, gundi haionekani popote, nyuma kapiga plaiwudi na kaweka ndoano mbili badala ya moja ili kisipinde ukutani. Mpaka leo haijadondoka hata simbi moja. Kama shida yako ni kioo au fremu nenda bila wasiwasi.

Sasa kabati.

Ndani ya kabati kuna kitu cha urefu wa sentimita 30 hivi, kahawia iliyokolea, kinang'aa vanishi, kimesimamishwa juu ya kipande cha mbao. Kinachowashtua watu ni uso, maana uso upo kabisa: macho mawili madogo yamezama ndani, mdomo wa kununa, chini yake shingo, kifua kina mistari mistari unaweza kusema mbavu, mabegani mabawa mawili yamekunjwa, halafu chini kuna vijiguu viwili vyembamba na katikati mkia mrefu. Ukimwangalia kwa mbele, kwenye ule mwanga hafifu waliomwekea, nawaelewa kabisa wanaosema wameona kiumbe. Bei laki mbili na nusu, ukipatana sana laki mbili na ishirini.

Kijana wa kaunta akaanza maelezo yake, "Dada huyu ni nguva mtoto, kanaswa huko Mafia kwenye jarife, mama yake alizunguka na mtumbwi usiku kucha analia, wavuvi wakaogopa wakamkausha, sasa hivi wamebaki wachache sana na ukimweka sehemu ya biashara wateja hawakatiki." Anaongea vizuri, ameshaizoea hiyo hadithi, anashusha na sauti pale kwenye mama anayelia.

Mi nafundisha baiolojia sekondari na nimekulia Kilwa Masoko kwenye nyumba ya wavuvi, kwa hiyo nilivyomwona tu nilimjua, ila nikaona bora aonekane na wote waliokuwepo. Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, hebu mtoe humo umgeuze." Akasita, akasema haruhusiwi, nikamwambia mteja anayetaka kulipa laki mbili ana haki ya kuona bidhaa pande zote, akamtoa. Mgongoni kwake, juu kabisa, kuna vinundu viwili vimepakwa rangi nyeusi nzito. Hayo ndo macho yake. Macho ya kweli yako upande ule ambao wewe mnunuzi hauonyeshwi.

Huyo ni taa. Samaki taa, huyu huyu tunayemnunua soko la samaki la Feri, aliyekatwa akiwa mbichi na kukaushwa akiwa amekunjwa. Na kwa kuwa wengi tunamjua taa akishakatwa vipande kwenye sufuria, ngoja nieleze ilivyofanyika. Taa anaishi kalala kwenye mchanga, kwa hiyo macho yako juu ila mdomo uko chini tumboni, na juu ya mdomo kuna matundu mawili ya pua. Ukimsimamisha wima ukaonyesha tumbo, zile pua zinakaa mahali pa macho, na akikauka ngozi inavutwa ndani, matundu yanazama, yanakuwa macho kabisa. Ile mistari ya kifuani ni nyufa za matamvua, ziko tano kila upande, hesabu utazikuta. Shingo hana, shingo imetengenezwa kwa kisu: mapezi yake mapana yanakatwa pembeni ya kichwa, yanafungwa uzi, yanaanikwa yakiwa yamefungwa hivyo hivyo, uzi ukitolewa yanabaki yamekunjwa kama mabawa. Na ukiangalia chini ya kidevu cha huyu wa Kunduchi alama ya uzi bado ipo, kamstari kembamba kamezunguka, vanishi imejaa ndani yake. Vile vijiguu navyo havikutengenezwa, taa dume anakuwa navyo, viko viwili pembeni ya mkia na ni viungo vyake vya kupandishia jike. Yaani kila kitu kilikuwepo mwilini, fundi kazi yake ilikuwa kukata kidogo na kuchagua upande wa kuonyesha.

Kwa mikono ni kazi ya ustadi, hilo silikatai. Lakini ukimbeba ni mwepesi mno, kwa sababu taa hana mfupa hata mmoja, ana gegedu tupu, ile ya kupindika kama kwenye sikio lako, na gegedu likikauka linabaki si chochote.

Weka pembeni sasa nguva mwenyewe. Nguva ni mnyama, ananyonyesha, anapumua kwa mapafu, anapanda juu kuvuta hewa, na ndugu zake wa karibu wa nchi kavu ni tembo. Mkubwa anafika mita tatu na kilo 400. Mifupa yake ni mizito isiyo ya kawaida, mbavu zake nene zimejaa ndani, zinamsaidia kukaa chini anapokula majani ya bahari. Na mtoto wa nguva anazaliwa akiwa na urefu wa mita moja hivi, kilo zinakaribia 30. Kwa hiyo hiki kitu cha sentimita 30 kinachokaa kiganjani hakiwezi kuwa nguva mtoto, hata angekuwa na siku moja duniani. Hilo peke yake lingetosha kulifunga kabati.

Nilivyokuwa namweleza kijana kulikuwa na mama mmoja mtu mzima amesimama pembeni, nilikuwa nimeshamsalimia shikamoo wakati naingia, na ndo nikagundua yeye hakuja kuangalia, alikuja kununua. Ana genge la chai na chapati, biashara imekwama, jirani yake kamtumia picha ya huyu nguva na kumwambia ndo dawa. Pesa alikuwa nayo kwenye pindo la khanga, imefungwa fundo. Akaniuliza, "Mwanangu, unasema huyu ni taa? Taa huyu huyu wa ng'onda?" yaani wa kukaushwa. Nikamwambia ndiyo mama, hebu mshike. Akamchukua, akatafuta mahali ambapo vanishi haijafika vizuri, karibu na shina la mkia, akakwangua kwa ukucha, akanusa. Hakusema kitu kwa muda. Nadhani mtu yeyote wa pwani aliyewahi kupika ng'onda na nazi ile harufu haimpotei, iwe na vanishi isiwe nayo. Kisha akamwangalia yule kijana akamuuliza taratibu kabisa, "Baba, wewe ulikuwa unajua?" Kijana akainamisha kichwa akajibu, "Mama sisi tunaletewa tu hivyo na maelezo yake."

Akafunga fundo lake tena, tukatoka naye mpaka kituoni.

Hapo ndo zinapokwenda nyota zangu tatu. Simlaumu kijana, anasoma alichopewa kusoma. Namlaumu aliyeandika HALISI. Mtalii anayemwaga laki mbili kwa kitu cha ajabu atarudi kwao atasimulia, basi. Lakini mama mwenye genge analipa mtaji wa mwezi mzima, na analipa kwa sababu ana shida, na kibandiko kimewekwa kwa ajili ya watu wenye shida kama yeye. Samaki ambaye Feri akiwa mbichi hazidi elfu kumi anauzwa mara ishirini na zaidi, na kinachoongezwa hapo ni uongo.

Na mchezo huu si wa jana. Mswisi mmoja, Conrad Gesner, alishawaonya watu kwenye kitabu chake cha wanyama mwaka 1558 kwamba wauza dawa wanachukua taa waliokaushwa, wanawapinda, wanawakata, halafu wanawaonyesha watu kama majoka yenye mabawa. Mwaka 1558! Sasa unajiuliza karne zaidi ya nne zimepita na bado pua za taa zinauzwa kama macho.

Kuna na kisa cha nahodha wa Kimarekani, Samuel Barrett Eades, hiki huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Mwaka 1822 akiwa Batavia, ambayo leo ni Jakarta, aliuziwa "nguva" wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, aliyekauka, kwa dola 6,000. Hakuwa na hiyo pesa, akauza meli aliyokuwa anaiendesha, na meli haikuwa yake peke yake, yeye alikuwa na sehemu ndogo tu, kubwa ilikuwa ya mwenzake. Akampeleka London, watu wakalipa kiingilio kumwona, wataalamu walipomkagua wakakuta juu ni nyani na chini ni samaki, wameunganishwa kwa ustadi. Deni la meli lilimfuata mpaka mwisho wa maisha yake. Baadae mtoto wake akamuuza yule nguva kwa bei ya kutupa, na mwaka 1842 P. T. Barnum, Mmarekani aliyekuwa anaishi kwa kuonyesha maajabu kwa kiingilio, akamkodi na kumwonyesha New York, foleni zikawa ndefu. Wa kwanza kafilisika, wa pili katajirika, na kitu ni kile kile. Sasa yule mama ukimfikiria, alikuwa anaelekea kwenye nafasi ya nahodha.

Ngoja nirudi dukani maana kuna vingine viwili kwenye lile kabati.

Cha kwanza ni "mkono wa nguva," mifupa imepangwa juu ya kitambaa cheusi na kushikizwa kwa waya, vidole vitano, laki moja na nusu. Hiki kiliniuma kuliko hata yule taa. Kwa sababu hiki ni mfupa kweli, si gegedu, na vidole vitano ni kweli vipo, mtu wa kawaida atakuwa na sababu zote za kuamini. Ila hesabu. Kidole chako cha kati kina vipande vitatu vya mfupa kuanzia kiganjani, hesabu hapo ulipo. Kile cha dukani kidole cha pili kinaanza vizuri halafu vipande vinaendelea, vinne, vitano, sita, saba, vinazidi kuwa vidogo kama shanga mpaka ncha. Vidole hivyo anavyo pomboo. Pezi la pomboo ukilifungua ndani kuna mkono mzima, bega, kiwiko kifupi, kiganja na vidole, sema vidole vimeongezewa vipande ili pezi liwe refu na gumu la kukatia maji. Nguva naye ana vidole vitano ndani ya pezi lakini havina huo msururu. Kwa hiyo hapo umeuziwa pomboo kwa jina la nguva, na pomboo kama ilivyo nguva na kasa kwa sheria yetu ya uvuvi haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Mnunuzi unabeba kesi nyumbani kwako umeitundika ukutani. Hilo mwenye duka nimemwambia uso kwa uso, na ni la kuondolewa leo, halina mjadala wa kibandiko.

Cha pili ni msumeno wa papa upanga wanauita upanga wa jini. Ni pua ya samaki, basi. Papa upanga pwani yetu amekuwa adimu kiasi kwamba wavuvi vijana wengi hawajawahi kumwona akiwa hai, na sijapenda kuukuta pale.

Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, na yeye akatoa hoja ambayo nadhani wengi mnayo: "Lakini mamdogo, mbona ile video ya dubwana lenye manyoya lililotupwa na maji ilikuwa ya kweli?" Zile video, kila baada ya muda inazunguka moja, inaandikwa limeonekana Kigamboni, mwezi ujao lile lile limeonekana Mombasa. Nimjibu na nyie niwajibu, maana kwenye duka kama hili ndo akili ya mtu inapoandaliwa kuamini kabati.

Mizoga mingi ile ni ya kweli, haijatengenezwa na mtu. Kinachodanganya ni kuoza. Nyangumi akifa anavimba, anaelea, ngozi ya juu inatoka, mifupa inadondoka chini ya bahari, kinachobaki kinafika ufukweni ni bonge la mafuta na nyuzi nyuzi nyeupe, halina macho halina mdomo, na zile nyuzi zikichambuka kwenye maji zinaonekana manyoya. Mwaka 2003 huko Chile lilitupwa bonge la namna hiyo, mita 12 na tani 13, watu wakasema pweza wa hadithi wa kumeza meli, mwaka uliofuata vipimo vya DNA vikaonyesha ni nyangumi tu. Na hapa kwetu nyangumi wanapita kila mwaka kuanzia kama mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja, wanatoka kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, kwa hiyo mzoga kufika ufukweni si muujiza.

Na kuna papa. Mwaka 1977, tarehe 25 mwezi wa nne, meli ya uvuvi ya Kijapani inaitwa Zuiyo Maru ilivuta mzoga karibu na New Zealand, mita 10, kilo 1,800, una shingo ndefu, kichwa kidogo na mapezi manne. Dunia nzima ikasema ni mjusi wa baharini wa zama za dinosaria. Nahodha akaamuru utupwe baharini usije ukaharibu samaki waliovuliwa, lakini mmoja wao alipiga picha na kuchukua vipande vya nyuzi, na vipimo vikaonyesha ni papa, yule mkubwa wa maji ya baridi anayekula vidudu vidogo kwa kuchuja. Shingo ilitoka wapi? Yule papa taya lake la chini ni kubwa na limeshikiliwa kidogo tu, na matamvua yake yanazunguka karibu kichwa kizima. Akianza kuoza taya linadondoka, matamvua yanadondoka, kinabaki kijifuvu kidogo mbele ya uti wa mgongo, na hapo una mjusi wa shingo ndefu. Sisi tuna potwe pale Mafia, naye ni papa mkubwa wa kuchuja, siku akifa mmoja akaoza vizuri mkajionea shingo, mkumbuke hili.

Kwa hiyo mtoto nikamwambia ile video ni ya kweli, jina ndo si la kweli. Akaniambia sasa kwa nini wasiseme tu ni nyangumi, nyangumi si ndo mkubwa kuliko wote. Sikuwa na la kuongeza.

Maana hicho ndo kinachonikera na hili duka, wanauza cha bandia kwenye nchi yenye vya kweli vinavyotisha zaidi. Nguva wa kweli wapo, wachache sana, kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, wananaswa kwenye majarife yaliyotegwa kwa ajili ya papa na wanakufa kwa kukosa hewa kwa sababu hawawezi kupanda juu. Jike anazaa mtoto mmoja baada ya kubeba mimba mwaka mzima na zaidi, na anamnyonyesha kwa titi lililo chini ya kwapa, hapo ndo mabaharia wa zamani walipopata mwanamke wa baharini. Sasa mtu aliyeaminishwa kwamba nguva ni kile kidude cha kabatini, siku akiambiwa nguva wanaisha Kilwa atajali nini? Atasema si wapo wanauzwa Kunduchi.

Na silikanti je? Huyu ni samaki ambaye wanasayansi walikuwa wanamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakasema alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Disemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, dada wa makumbusho ya East London kule Afrika Kusini, akamkuta kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi, mbichi, wa bluu, ana mapezi yanayofanana na vijimkono vinene. Hapa kwetu wavuvi walimpata mwaka 2003 upande wa Kilwa, baadae wakawa wananaswa wengi Tanga kwenye majarife ya kina kirefu, mpaka mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake pale Tanga. Huyo hakuna aliyemshona uzi. Weka picha yake kubwa dukani, weka na maelezo, mi nitaleta darasa zima na kila mtoto atatoka na kijifremu.

Nilimtafuta mwenye duka siku hiyo hiyo, akaja, mtu mstaarabu, akanikaribisha soda. Nikamwambia mzee wangu sikuombi umtupe yule taa. Ni kazi ya mikono, kuna mtu alikaa akaikata na kuianika, iuze. Badilisha kibandiko, andika "taa aliyekaushwa, kazi ya mikono," weka bei inayoendana, tuseme elfu thelathini arobaini, na weka kioo kidogo nyuma yake ili watu waone na mgongo, macho ya kweli yanaonekana. Mi mwenyewe ningemnunua wa hivyo niende naye darasani, hakuna kifaa kizuri cha kufundishia mwili wa taa kama kile. Akasema wateja hawataki taa, wanataka nguva. Nikamuuliza wangapi wamerudi kununua kitu kingine baada ya kujua. Akanyamaza, akasema atafikiria. Kuhusu mkono wa pomboo alisema alidhani ni wa kasa, nikamwambia wa kasa ndo ungekuwa afadhali vipi, naye si analindwa, akasema atauondoa. Nimesikia kutoka kwa mtu anayekaa jirani kwamba mkono haupo tena kabatini, hilo nampongeza. NGUVA MTOTO HALISI bado yupo.

Kwa ambaye tayari kamnunua: hana madhara, hana jini, hana laana, watoto wasiogope. Usimweke bafuni au jikoni, akipata unyevu anaanza kunuka na wadudu wa ng'onda wataingia kupitia mdomoni. Ukitaka pesa yako rudi na risiti, wanatoa risiti ya mashine, na kibandiko kipigwe picha kabla hakijabadilishwa. Kwa ambaye hajanunua na anaonyeshwa kitu cha namna hii popote, Mwenge, Kariakoo, ufukweni, omba kigeuzwe. Anayekataa kugeuza bidhaa yake ameshakujibu.

Kioo cha simbi nampa tano kati ya tano, na fundi wake anapokea oda za saizi yoyote, unatanguliza nusu, inachukua kama wiki. Kibandiko kikibadilishwa nitarudi hapa kurekebisha nyota. Malipo keshi au lipa namba, wanafungua saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumapili hawafungui.